Sindano Safarini: Majibu kwa Wasomaji Wafumaji

Barua tatu kati ya zilizotufikia mwezi huu zinahusu kufuma ukiwa safarini na kununua uzi ugenini. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu aliyeiandika anakaribia kuondoka, na maswali yake yanahitaji kujibiwa kwa kina.

SWALI: Dada mpendwa, habari za kazi? Mimi ni mwalimu hapa Njombe na nimekuwa nikifuma masweta kwa zaidi ya miaka 20, mengine ya wanangu na mengine ya kuuza msimu wa baridi. Mwanangu wa kwanza anasoma Aberdeen, Uskoti, naye amenikatia tiketi niende kumtembelea mwishoni mwa Septemba. Ananiambia kwamba kutoka hapo kuna meli ya kwenda visiwa vya Shetland, ambako sufu na ufumaji ndiyo sifa yao duniani, na kwamba tutakwenda wote kwa siku nne. Je, nitaruhusiwa kupanda ndege nikiwa na sindano zangu? Ninunue uzi gani na kiasi gani? Na nikiingia kwenye duka la ugenini nifanyeje, maana sijawahi kuingia duka linalouza nyuzi peke yake? – Mwalimu, Njombe.

JIBU: Kazi zinakwenda salama, Mwalimu, na nimefurahi sana kwa ajili yako. Wafumaji wengi huiota safari hiyo maisha yao yote. Acha nianze na visiwa vyenyewe, kwa kuwa huwezi kuuelewa uzi utakaoukuta Lerwick, mji mkuu wao, bila kuwajua kondoo wake.

Kondoo wa Shetland ni wadogo kwa umbo, wamezoea upepo wa bahari na malisho haba, na manyoya yao ni miongoni mwa yaliyo laini kabisa kati ya kondoo wa asili wa Uingereza. Huzaliwa na rangi nyingi: kuna weupe, weusi, wa kijivu cha namna kadhaa, wa rangi ya chai ya maziwa, na wale wa hudhurungi yenye wekundu ambayo wenyeji huiita moorit. Ndiyo maana kwenye rafu za Lerwick utakuta nyuzi ambazo hazikutiwa rangi yoyote, zimesokotwa kama zilivyotoka mgongoni mwa kondoo. Kwa manyoya hayohayo wanawake wa kisiwa cha Unst, kaskazini kabisa, walifuma shali nyembamba kiasi kwamba shali nzima ilipita ndani ya pete ya ndoa. Na kwa manyoya hayohayo watu wa kisiwa kidogo cha Fair Isle, kilichoko kusini, waliupa ulimwengu ule ufumaji wa mistari ya maua na nyota, ambao kila mstari hutumia rangi mbili tu, na rangi isiyotumika hubebwa nyuma ya kazi.

Ukipata saa mbili, nenda kwenye jumba la makumbusho la Shetland, pale Hay's Dock mjini Lerwick, kabla hujaingia duka lolote. Tafuta picha za zamani za wanawake wakirudi kutoka kuchimba udongo wa kinamasi, ule unaokatwa vipande na kukaushwa ili uchomwe kama kuni. Mwanamke amebeba kikapu kizito mgongoni, yuko njiani, na mikono yake inafuma. Kiunoni amevaa mkanda wa ngozi wenye kifuko kidogo kilichojazwa manyoya ya farasi na kutobolewa vitundu, na ncha ya sindano moja imechomekwa kwenye kitundu kimojawapo, ili kazi isimwanguke wala mkono wa kulia usichoke. Nilipoiona picha ya namna hiyo kwa mara ya kwanza niliwakumbuka mama zetu wa Ukambani na Kikuyu, mzigo wa kuni mgongoni, ukanda kwenye paji la uso, na kiondo kikikua mikononi mwao hatua kwa hatua. Hawa hawakuwahi kuonana na wale, lakini wote walitambua kwamba muda wa njiani ni muda wa kazi ya mikono. Unaposafiri na sindano zako, Mwalimu, unafanya jambo la zamani sana.

Kuna jambo jingine la historia ambalo ningependa ulijue kabla hujatoa pochi yako. Kwa muda mrefu wafumaji wa Shetland hawakulipwa fedha. Mfanyabiashara alichukua shali au soksi na kumpa mwanamke chai, kitambaa au bidhaa nyingine ya dukani kwake, hata kama mwanamke huyo alihitaji unga au kodi ya nyumba. Malalamiko hayo yalifika kwa tume ya serikali, na ripoti ya mwaka 1872 ilikusanya ushahidi wa wafumaji wenyewe, wakieleza kwa vinywa vyao jinsi kazi ya wiki nyingi ilivyoishia kwenye majani ya chai. Kwa hiyo ukiona bei ya kofia au sweta iliyofumwa kwa mkono ikakushtua, usiombe kupunguziwa kama tufanyavyo Kariakoo. Huko bei hutajwa mara moja, na mimi naona ni haki yao.

Sasa maduka. Kuna majina mawili yanayofanana ambayo huwachanganya wageni, nayo ni biashara mbili tofauti. Jamieson & Smith, walioko North Road, ni wanunuzi wa sufu ya wakulima wadogo wa visiwa hivyo, na sufu hiyo hupangwa kwa madaraja kwa kuitazama na kuigusa kwa mkono. Jamieson's of Shetland wana duka kwenye mtaa wa Commercial Street, katikati ya mji, na kiwanda chao cha kusokota kiko Sandness, upande wa magharibi. Nenda kote kuwili, kwa sababu rangi zao hazifanani. Uzi unaotumika sana kwa masweta ya maua huuzwa kwa mabonge ya gramu 25: la Jamieson & Smith lina takribani mita 115, na la Jamieson's, aina ya Spindrift, lina mita 105. Tofauti hiyo ya mita 10 si kitu kwenye kofia, lakini kwenye sweta nzima inafika bonge zima au zaidi, kwa hiyo hesabu mita na si mabonge.

Ukiingia, salimia kwanza. Halafu fanya jambo ambalo naliamini kuliko ushauri mwingine wowote: ingia umevaa sweta uliyoifuma mwenyewe. Muuza uzi ataitazama mikono yake, pindo lake na namna ulivyounganisha bega, na mazungumzo yataanza bila wewe kutafuta maneno ya Kiingereza. Mwenye duka la namna hii mara nyingi ni mfumaji pia, na hupenda kuulizwa kondoo wa uzi huu wametoka shamba lipi, umesokotwa wapi, na unakuwaje ukifuliwa. Kugusa uzi kunaruhusiwa, na kwa kweli ndivyo inavyopasa: ubane bonge shavuni au chini ya kidevu, mahali ngozi inapohisi upesi, uone kama unawasha. Utaisikia pia ile harufu, kidogo ya kondoo na kidogo ya mafuta yake, ambayo nyuzi zetu za madukani hazina. Kabla ya kupiga picha, omba ruhusa.

Katika kuchagua rangi, usiamini taa ya dukani. Beba mabonge hadi mlangoni uyaone kwenye mwanga wa mchana. Kisha yapange pamoja, yapige picha kwa simu na uigeuze picha hiyo iwe nyeusi na nyeupe. Rangi mbili zikionekana kijivu kimoja, maua yako yatazama na hayataonekana kwa umbali wa hatua tano, hata kama moja ni nyekundu na nyingine ni kijani. Mimi nimefumua shingo nzima ya sweta kwa kosa hilo.

Kuhusu kiasi: sweta ya mwanamke wa umbo la wastani kwa uzi huo mwembamba huchukua takribani mita 1,200 hadi 1,500, yaani mabonge 11 hadi 15, ambayo hayafiki hata nusu kilo kwenye mzigo wako. Hakikisha mabonge yote ya rangi moja yana namba ileile ya mchovyo kwenye lebo, kwa sababu rangi iliyochovywa siku nyingine hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo hujitokeza kifuani mwa sweta kama mstari wa maji. Kama uzi umeuzwa katika kitita kilichosokotwa badala ya bonge, uliza kama wanaweza kukuzungushia kwa mashine yao hapohapo. Usiuanze ukiwa ndani ya meli, maana utajifunga wote.

Usinunue kwa ajili ya rafu. Kila bonge liwe na kazi yake kabla hujalilipia. Wewe uko Njombe, ambako Julai asubuhi majani yana barafu, na sweta ya sufu ya Shetland itavaliwa hadi ichakae. Lakini kama una dada Tanga au Mtwara, usimletee sufu kwa upendo. Atakushukuru na kuifungia kabatini, na nondo wataila. Huyo mletee uzi wa pamba, au mletee hadithi ya safari.

Kwa kuwa utakuwa huko mwishoni mwa Septemba, mwambie mwanao aangalie tarehe za Wiki ya Sufu ya Shetland, ambayo ilianza 2010 na siku hizi hufanyika mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba. Kila mwaka hutolewa kielelezo cha bure cha kofia, na wageni wengi hufika wakiwa wameivaa tayari. Nyumba za wageni hujaa mapema sana wakati huo, na tiketi za meli pia, kwa hiyo afanye mipango sasa. Meli hutoka Aberdeen jioni na kufika Lerwick asubuhi. Huo ni usiku mzima wa kufuma, ukijaliwa bahari tulivu.

Nimebakiza sindano. Sheria za usalama za Uingereza zinaruhusu sindano za kufumia kwenye mzigo wa mkononi, na za Marekani vilevile. Hata hivyo kila uwanja wa ndege una wakaguzi wake, na neno la mwisho ni lao. Miaka kadhaa iliyopita, katika uwanja ambao sitautaja, mkaguzi alizichukua sindano zangu ndefu za chuma zikiwa na mgongo wa sweta ya mtoto, akachomoa tu, akanirudishia kazi. Nilipofika kwenye kiti changu vitanzi vilikuwa vimeporomoka mistari tisa. Tangu siku hiyo sipiti kwenye ukaguzi kabla sijapitisha uzi mwembamba wa pamba, wenye rangi tofauti, ndani ya vitanzi vyote vilivyoko kwenye sindano. Sindano zikienda, vitanzi vinabaki vimekaa juu ya uzi huo vikikusubiri. Pitisha kwa sindano butu ya kushonea, na uache ncha ndefu pande zote mbili.

Beba sindano ya mviringo, ile yenye ncha mbili fupi zilizounganishwa kwa waya laini wa plastiki, na iwe ya mwanzi au mti, kwani haimtishi mtu na haimgongi jirani kiwiko. Nyingine za akiba ziweke kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Kwa mkasi, Uingereza hairuhusu mkononi wenye makali yanayozidi sentimita 6. Mimi hutumia kikatio cha kucha, kinakata uzi vizuri kabisa. Kazi yako iweke kwenye mfuko wa kitenge wenye kamba ya kufungia, maana mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku kwetu Juni 2019, na hutaki kuanza kubishana wakati wa kurudi ukiwa na kilo mbili za sufu.

Neno moja kuhusu namba za sindano. Nyingi tunazouziwa hapa kwetu hufuata namba za zamani za Uingereza, ambazo hupungua kadiri sindano inavyonenepa. Namba 8 yetu ni milimita 4. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5, na ukifuma kwa hiyo sweta ya mtoto itamtosha kaka yake. Andika milimita kwenye daftari lako, na dukani taja milimita peke yake.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa kiume wa miaka 24, nafanya biashara ndogo na nasafiri kwa treni ya SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma karibu mara mbili kwa mwezi. Bibi alinifundisha kufuma na naipenda kazi hii, lakini nikiwa kwenye treni nasahau hesabu ya mistari, na abiria hunitazama sana kwa kuwa ni mwanamume. Nifume nini njiani? – Msafiri, Dodoma.

JIBU: Marahaba mwanangu. Fuma kofia. Ni ndogo, inakaa kwenye mapaja, haihitaji kugeuzwa huku na huku, na ukianza Dar es Salaam kwa uzi mnene kiasi utakuwa umefika mbali kabla ya kushuka. Sweta nzima usiibebe njiani isipokuwa mkono wake mmoja. Chagua uzi wa rangi isiyo nyeusi, kwa sababu kwenye mwanga wa dirishani unaobadilika vitanzi vyeusi havionekani, na chagua mtindo ambao vidole vyako vinaujua bila macho. Ukikaza macho kwenye karatasi ya kielelezo katika chombo kinachokwenda kasi, kichwa kitakuuma.

Hesabu ya mistari iache kwenye uzi. Chukua kipande cha uzi wa rangi nyingine, urefu wa shubiri moja, kitundike mwanzoni mwa mzunguko, na kila ukimaliza mizunguko 10 funga fundo. Ukiitwa, ukisinzia, au simu ikilia, mafundo yatakuambia ulipofika. Bonge lenyewe lifungie mfukoni na uzi utoke kwenye tundu dogo, lisibiringike hadi kwa abiria wa behewa la mbele.

Ama kuhusu macho ya watu, wajibu kwa upole na uendelee. Katika kisiwa cha Taquile, kwenye ziwa Titicaca nchini Peru, wanaofuma kwa sindano ni wanaume, huanza wakiwa watoto, na kofia zao huonyesha kama mvaaji ameoa au bado. Sanaa hiyo ya nguo ya Taquile imo kwenye orodha ya urithi wa UNESCO. Na hapa kwetu, nani asiyejua kofia za viua za Zanzibar na Lamu, ambazo hata wanaume wamezishona barazani, tundu kwa tundu, kwa miezi? Mtu akikuuliza kwa nia njema, mshikishe kazi mkononi na umwoneshe kitanzi kimoja. Nimeshafundisha watu wawili kwa njia hiyo, mmoja kwenye basi la Arusha na mwingine kwenye boti ya Unguja, na yule wa boti huniandikia hadi leo.

SWALI: Shangazi, nilipopita mjini Nakuru nilinunua mabonge sita ambayo muuzaji aliyaita sufu halisi. Nimefuma shali, nikaipiga pasi, ikang'aa na kugandamana kama karatasi ya nailoni. Je, niliuziwa nini, na nikisafiri tena nitajuaje sufu ya kweli? – Msomaji, Nairobi.

JIBU: Pole sana. Uliuziwa akriliki, ambayo ni uzi wa plastiki, na joto la pasi likauyeyusha. Inawezekana muuzaji hakukusudia kukudanganya, kwa sababu madukani kwetu kila uzi mnene wa kufumia huitwa sufu. Wengine husema hata sufi, na hapo tunazidi kupotea, kwani sufi ni ile pamba nyepesi ya kujazia mito inayotoka kwenye mti wa msufi, na sufu ni manyoya ya kondoo. Akriliki ina kazi yake: ni rahisi, hailiwi na nondo, na inavumilia kufuliwa kila siku, kwa hiyo kwa sweta ya shule siioni kuwa mbaya. Ubaya ni kulipia bei ya kondoo ukapewa plastiki.

Jaribio ni la kiberiti. Omba kipande cha uzi chenye urefu wa kidole, toka nje, kishike kwa koleo ndogo juu ya sahani ya bati, na ukiguse kwa moto. Sufu huwaka kwa shida, hunuka nywele zilizoungua, hujizima yenyewe, na jivu lake husagika kati ya vidole. Pamba huwaka upesi kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu jepesi. Akriliki huyeyuka, hudondoka, na ikipoa huacha punje nyeusi ngumu ambayo huwezi kuivunja kwa ukucha. Ngoja ipoe kabisa kabla ya kuigusa, kwa maana hushika kwenye ngozi. Uzi wa mchanganyiko hutoa dalili zote mbili, harufu ya nywele pamoja na ile punje.

Ukipita tena upande huo wa Nakuru, ulizia wanawake wa Njoro wanaosokota sufu kwa mkono na kuitia rangi za mimea. Uzi wao si laini sana wala haulingani unene kila mahali, na ukiushika utaona vipande vidogo vya majani vilivyonaswa ndani. Vichomoe kwa kucha unapofuma. Shali itakayotokana nao usiipige pasi kabisa: ilowanishe kwenye maji ya baridi bila kuisugua, ibane ndani ya taulo, kisha ilaze juu ya mkeka kivulini na uinyooshe kwa viganja hadi pembe zote nne zikae sawa. Ukiianika kwenye kamba ikiwa mbichi, uzito wa maji utairefusha hadi magotini.